Pumzi ya Bi Inshirah Kwenye Sufuria ya Mlenda

Mgeni rasmi, Daktari Mervat Abul-Naga, Mkurugenzi wa Afya wa mkoa wetu, Mganga Mfawidhi, wazee wa Kafr Shandawi, mabibi na mabwana: asalaam aleikum.

KARIBU

Sisi kina mama wa Jiko la Kituo cha Afya tumefurahi hata kukaa kwenye viti tumeshindwa. Harufu unayoisikia ni ya mlenda uliochumwa asubuhi hii nyuma ya ukuta huo. Keki na juisi zilizo mbele yako ni za ofisi, sisi hatumo.

TULIKOTOKA

Zamani wajawazito wa hapa walikuwa wakizimia kwenye foleni ya kliniki. Midomo myeupe, damu hakuna. Muuguzi Sabrin akatuuliza, "Jamani, kwani mnakula nini?" Tukajibu: mkate, jibini na chai. Mboga za majani tulikuwa tukiwauzia watu wa mjini, tukijiona tumeendelea. Ndipo Bi Inshirah, ambaye baadaye akawa mpishi wetu, akang'aka, "Kwa hiyo dawa tunalima, tunauza, halafu tunakuja hapa kuomba vidonge? Leteni sufuria!"

MAFANIKIO

Tunajivunia, na hatuoni haya kusema. Mlenda, mchicha na majani ya figili vina madini ya chuma ya kuongeza damu, vina asidi ya foliki ya kumjenga mtoto tumboni, na vitamini ya macho. Kuhusu kupata choo vizuri, wazee wa mstari wa mbele walitaka kutoa ushuhuda, tumewakatalia.

Mwanzoni tulikosea. Majani tulikula, damu haikupanda. Kumbe ni ile chai nzito tunayoshushia kabla hata sahani haijaondolewa, inauzuia mwili kuchukua chuma! Tangu hapo tukawa tunakamulia ndimu, chai inasubiri. Waume zetu walilalamika: "Mmetugeuza mbuzi, na chai nayo mnatunyima?" Mwishowe wakawa ndio wa kwanza kuleta bakuli.

Rawhiyya, simama wakuone. Huyu alizimia mlangoni hapo na mimba changa. Mtoto ni huyo anayepiga kelele. Mwache alie, mama, ana damu yake ya kutosha.

CHANGAMOTO

Mwezi uliopita mkaguzi mmoja aliingia jikoni wakati kitunguu saumu na giligilani vinakaangwa kwa samli. Mheshimiwa, wewe ni mwanamke wa nchi hii, unajua: vikimiminwa kwenye mlenda, mpishi lazima ashtuke kwa pumzi, ndiyo mila. Haaah! Bila hivyo mlenda haujapikwa. Bi Inshirah akashtuka, mkaguzi naye akashtuka, kalamu ikaanguka. Alipoiokota akaandika kwamba mpishi anapulizia chakula cha wagonjwa, na jiko lifungwe mpaka apatikane mwingine.

Anapulizia? Pumzi ile inavutwa ndani, Daktari! Haitoki!

Tulimsihi Bi Inshirah ajaribu kupika kimya. Alimimina amefunga mdomo, machozi yakamtoka, akavua aproni. "Wanangu, tafuteni mwingine. Mimi siwezi kupika kama mwizi." Tangu siku hiyo jiko limefungwa, na wajawazito wamerudia mkate na chai. Jana mmoja alianguka tena kwenye foleni. Inatuuma sana.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika bomba jipya na feni. Tumevifuta. Tunaomba jiko lifunguliwe, na Bi Inshirah arudi na pumzi yake. Barakoa tumeshamshonea, atashtukia humo humo.

Leo amekuja kwa heshima yako tu. Yuko pale dirishani, kikaango mkononi. Tusikucheleweshe, kitunguu saumu kinaanza kuwa chekundu na kikiungua lawama ni za risala hii. Mpe ishara, amimine. Na mdomo wako ukifunguka wenyewe, Daktari, mkaguzi hatumwambii.

Mungu akupe afya, akutilie baraka mikononi na kwa wanao.

Ni sisi, Kina Mama wa Jiko la Kituo cha Afya, Kafr Shandawi, pamoja na mpishi wetu Inshirah Abdel-Maqsud, ambaye jina lake tumekataa kulifuta.