Kitabu ya Ngozi ya Père Stanislas

Liévin: Haloo? École hapa. Njo nani?
Mama Virginie: Naomba mwalimu Kapya. Citoyen Kapya.
Liévin: Mama, njo miye.
Mama Virginie: Liévin. Ile jina serikali ilikupa pa fasi ya jina ya ubatizo inanisumbua. Kule Likasi muko bazima?
Liévin: Tuko bazima. Unapiga simu toka wapi?
Mama Virginie: Ku duka ya papa Abibu, hapa Kampemba. Anasema nisikawie. Mvula ilinyesha siku mbili, paa ya chumba yako ikavuja—
Liévin: Malle yangu, ile sanduku? Kitabu padri wetu Père Stanislas aliniachia iko mule—
Mama Virginie: Tulia. Malle ilijaa maji, kitabu ikaota ukungu, ikanuka. Lakini ma-page yote niko nayo.
Liévin: Aksanti, mama. Siku ya lundi bantu ba université banakuja kuiangalia.
Mama Virginie: Juu ya ile kilatini?
Liévin: Juu ya hadithi. Bantu ba zamani kule Bulaya balikuwa banasimuliana ku soko, ku misa. Vitabu vingine vya hizo hadithi viliungua mu vita. Inabakia hii tu. Na miye nilishatafsiri tatu tu, ku makumi sita.
Mama Virginie: Basi bataikuta safi.
Liévin: Safi namna gani?
Mama Virginie: Si ni ngozi ya mbuzi? Nikasema ngozi inafuliwa. Nikailaza mu maji ya sabuni, asubuhi nikaisugua na brosi, page kwa page. Maji ikatoka nyeusi. Nikafurahi, nikasema uchafu inatoka.
Liévin: [anavuta kiti, anakaa]
Mama Virginie: Liévin? Simu inakatika?
Liévin: Hapana. Niko.
Mama Virginie: Niliianika ku kamba. Maandiko... nilifikiri itarudi ikikauka.
Liévin: Ukiiweka ku jua, hauone hata alama?
Mama Virginie: Naona miguu tu ya ile picha ya mbwa ya pori, ku page moja. [laini inakoroma] Mwanangu, ile ilikuwa uchafu, kweli?
Liévin: Ilikuwa uchafu, mama.
Mama Virginie: Na bale ba lundi?
Liévin: Nitabaambia miye. Mikono yako haikuchubuka?
Mama Virginie: Kidogo. Liévin, ile hadithi, haukunisomea hata moja.
Liévin: Kweli, mama. Siku ya samedi nakuja. Nitakusomea zile tatu.
Mama Virginie: Nitakungojea. Papa Abibu ananyoosha mukono, anataka simu yake. Ubakie muzuri, mwana—
Liévin: Ngojea. Moja iko ya mama mujane, alikuwa na— Haloo? Mama?