Nafasi Kati ya Tairi na Bodi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliokalia rimu mbili za lori, nje ya karakana ya Injinia, pale barabara inapopinda na kila gari kulazimika kupunguza mwendo. Ndiyo maana hapakosi watu. Gari likipunguza mwendo linaonekana vizuri, na likionekana vizuri linasemwa. Wenye benchi ni watatu: Injinia, fundi springi, ambaye chuo cha uinjinia alikiona siku alipokwenda kuwafungia geti, Mstaafu, aliyeendesha mabasi ya safari ndefu mpaka macho yakamkatalia, na Kinyozi, mwenye duka mkabala, ambaye mteja wake akishakaa kwenye kiti huambiwa asubiri kidogo, kuna jambo linamaliziwa pale nje. Jambo huwa halimaliziki. Kahawa huchemkia kwenye jiko la Kinyozi, na jioni hiyo walikuwa kwenye birika la pili, kwa sababu mada ilikuwa nzito: makalio ya gari la Pampu.

Pampu ndiye mwenye gari, na aibu ya habari hii yote ni yake, kwa hiyo tumweke yeye mbele. Kazi yake ni kutengeneza pampu za visima. Fundi wa visima hulala palipo na kisima, basi akanunua chumba kizima cha bati na mbao, mtumba, chenye kitanda, kabati na tangi la maji, akakipandisha nyuma ya pikapu. Chumba kizito kwelikweli. Pikapu ilipobebeshwa ilichuchumaa: pua juu, makalio chini, taa zinamulika matawi ya miti. Kila ikipita pale kwenye kona benchi zima lilikuwa likisimama, Kinyozi anapiga saluti, mwingine anauliza kama mgonjwa ameshapata haja. Pampu alikuwa akicheka nao, halafu akifika nyumbani usingizi hauji. Ni mtu asiyejua kutaniwa. Ukimwambia shati lako limepauka, kesho halivai.

Mwezi uliopita uzalendo ukamshinda. Akamwambia Injinia amwongezee majani ya springi, vile vyuma vilivyopinda vinavyopangwa kimoja juu ya kingine chini ya gari, mawili kila upande. Gari likanyanyuka, likasimama wima kama bwana harusi. Pampu alitembea wiki nzima kifua mbele. Lakini juzi alijaza tangi la maji, akalitazama gari kwa pembeni, akaona limeshuka tena vidole vitatu. Kwa mwenzetu huyu vidole vitatu ni msiba, ndiyo akaja na gari kutafuta ushauri.

— Jani la tatu, Injinia akasema. La lori. Ninalo mle ndani, nimelitunza kama yai.

— Wewe kila ugonjwa dawa yako jani, akasema Mstaafu. Mwekee mifuko ya hewa. Akibeba anajaza, akishusha anapunguza, gari linakaa anavyotaka yeye.

— Hayo ni maputo, mzee wangu. Yakipasuka njiani atampigia nani simu, mwenye sherehe?

Mstaafu alijibu kwa kirefu, akarudi nyuma mpaka kwenye basi aliloliendesha kabla Injinia hajaota meno, basi ambalo lilikuwa na mifuko ya hewa na abiria walikuwa wakinywa chai ndani bila kumwaga tone. Injinia akasema chai hiyo ilikuwa haimwagiki kwa sababu basi lenyewe lilikuwa haliendi. Wakabishana juu ya shokapu, kama zinabeba mzigo au zinatuliza tu mrusho, na hapo kidogo washikane mashati, maana Mstaafu anaamini zinabeba na hakuna wa kumtoa kwenye hilo.

Kinyozi, ambaye hata baiskeli hana, aliwaacha wachoke ndipo akatoa lake. Yeye aliona tatizo si springi, ni matairi kukaa mahali pasipostahili. Yasogezwe nyuma. Alipoambiwa kwamba matairi hayasogezwi kama viti, akashauri liongezwe tairi la tano katikati, dogo, la toroli. Hilo nalo lilipochekwa akasema basi, paka rangi nyeusi bodi kwa chini, watu waone pana nafasi hata kama haipo, kwani yeye si huwafanyia wenye vipara hivyo hivyo na wanalipa?

Mwisho walirudi kwenye picha. Picha ilikuwa kwenye simu ya Pampu, na benchi zima lilikuwa nayo tangu alipowatumia wiki ile. Aliipiga kwenye geti la hospitali, sakafu ya saruji iliyonyooka, gari limesimama sawasawa, nyuma na mbele hakuna mkubwa. Simu ikapita mkono kwa mkono. Kinyozi akatoa kitana mfukoni, akakiweka juu ya kioo cha simu na kuhesabu meno, kutoka juu ya tairi mpaka chini ya bodi.

— Meno kumi na moja, akatangaza. Leo yamebaki mangapi?

Pampu alikuwa anataka kujibu alipomwona dada yake mkubwa anavuka barabara. Dada huyu alikuwa amekuja juma hilo kutoka mji mwingine kumuuguza mama yao, na hakuwa mtu wa kufika kijiweni. Alimwamkia Mstaafu shikamoo, akawasalimu wengine, akakataa kikombe cha kahawa kwa adabu, kisha akamgeukia mdogo wake.

— Mama anasema kesho haendi.

Pampu akasikia joto. Mambo ya nyumbani yaletwe mbele ya watu namna hii? Ikabidi awaeleze wenzake, huku akijitahidi kucheka, kwamba mama alianguka akavunjika nyonga, wakamfunga vyuma, na sasa kila wiki anatakiwa kwenda kufanyishwa mazoezi. Daktari alisema wazi kwamba akiacha kabla ya kumaliza mguu utakakamaa na hatatembea tena. Kukaa kitako muda mrefu hawezi, ndiyo maana anampeleka ndani ya kile chumba cha nyuma ya gari, amelala kitandani kama malkia. Mgonjwa gani mwingine anapelekwa hivyo? Halafu leo anakataa. Wazee bwana.

Basi benchi likahamia kwa mama. Injinia akasema wazee wanaogopa hospitali, kwake aliwahi kumkuta babu yake amejificha kwenye banda la kuku. Mstaafu akahisi kuna muuguzi aliyemjibu vibaya, hawa vijana wa siku hizi hawana subira. Kinyozi alishusha sauti, akasema huenda kuna jirani anayempa majani ya kuchua, au, na hapa wasimwelewe vibaya, huenda kuna mzee wa mtaani anayekuja kumjulia hali kila siku hiyo ya hospitali, na mama hapendi amkose.

Dada alisikiliza yote hayo amesimama.

— Na kwa gari lenyewe lilivyo, Kinyozi akaendelea akimpa ile simu, nani angekataa kupanda? Hebu tazama, dada. Lilivyotulia hilo.

Akaichukua. Aliitazama kitambo, akaikuza picha kwa vidole viwili, lakini si penye tairi. Aliivuta pembeni, kule nyuma kwenye mlango wa chumba.

— Huu mguu ni wa nani?

Wakainama wote. Kweli, ukingoni kabisa mwa picha, kwenye mlango ulio wazi, palikuwa na mguu. Soksi ya kijivu na ndala. Ndala ilikuwa imeshachomoka nusu, inaning'inia kwenye vidole, na chini yake hakukuwa na kitu mpaka saruji. Tangu wiki ile walikuwa nayo picha hiyo, wameipima hata kwa kitana, na hakuna aliyeuona.

— Kutoka hapa mpaka chini, dada akauliza tena, bila kupandisha sauti, mmepima?

Kinyozi alikirudisha kitana mfukoni.

Pampu hakuhitaji kuikuza picha. Soksi zile alimnunulia yeye. Yote yalimrudia, na yalivyorudi yalirudi na mwanga wa mchana ule. Walifika getini, akazunguka nyuma kwenda kumshusha mama, akaufungua mlango. Halafu akaliona gari kwenye ile saruji. Akaona lilivyosimama. Akatoa simu, akarudi nyuma ili lote lienee, akarudi tena, akachuchumaa apate tairi vizuri. Aliwatumia palepale, na Kinyozi alipomjibu kwa mzaha akabaki anacheka peke yake getini. Alipoinua macho mama alikuwa ameshafika chini, ameshika ukingo wa mlango, anahema. Akamuuliza umeshukaje. Mama akasema nimeshuka tu. Na yeye, mtoto wa watu, akafurahi. Akawaza, kumbe anaendelea vizuri.

— Ni wa mama, akasema.

Injinia alikuwa anakuna shingo. Aliuliza kitu kimoja, kama anayejiuliza mwenyewe.

— Siku za hospitali tangi huwa na maji?

— Huwa tupu.

— Na kitanda kiko wapi?

— Juu ya ekseli.

Injinia akavua kofia. Akaeleza polepole, safari hii bila madoido, kwamba springi nene isiyo na mzigo wa kutosha haimezi mrusho wa mashimo, inaurudisha juu. Na palipo juu ya ekseli, kile chuma kinachoshika matairi, ndipo panaporuka kuliko pote. Kisha kuna hilo la mlango. Gari lilipokuwa limechuchumaa, mlango ulikuwa chini, hata mtoto angeshuka. Yeye kwa mikono yake ndiye aliyeupandisha.

— Hukuniambia kuna mgonjwa, akasema.

— Hukuniuliza, Pampu akataka kusema, lakini akaacha. Kisingizio hicho kingeonekana hata na Mstaafu asiyeona vizuri. Nani alimzuia kusema? Alikuja pale kulalamika kwamba watu wanamcheka. Kuhusu mama hakuwa amesema hata neno. Aibu ilimwanzia masikioni. Alitamani Kinyozi atoe utani wowote, hata ule mbaya. Kinyozi alikuwa anatazama viatu vyake.

— Kila akirudi kutoka huko, dada akasema, anageukia ukutani mpaka asubuhi. Majirani wameniambia. Nikadhani ni maumivu ya mazoezi.

Akamrudishia simu. Pampu aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa kitu kisicho chake.

— Injinia, toa yale majani.

— Yote?

— Yote uliyoongeza. Leo hii.

— Litashuka lilivyokuwa.

— Lishuke.

Injinia akaingia karakanani kuchukua jeki. Mstaafu naye akainuka, mzee wa watu, akasema hawezi kufungua nati lakini tochi ataishika, na siku nyingine, tukitulia, tutazungumza tena habari za ile mifuko. Kinyozi akakusanya vikombe. Mteja wake alikuwa ameshaondoka na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, hakumkimbilia.

Pampu alirudi nyumbani kwa miguu, dada yake mbele. Alikuwa anapanga maneno, anayapangua, aanze na springi, aanze na samahani, aanze na kesho. Dada alipofika uani akamwonyesha mlango kwa kidevu na kupitiliza jikoni. Kumsemea hakuwa tayari.

Mama alikuwa macho, amegeukia ukuta. Alipomsikia akajisogeza taratibu, akamwachia nafasi ya kukaa, kama alivyokuwa akimwachia zamani, Pampu akiwa mdogo, akiamka na ndoto mbaya.

— Mama, gari tunalishusha. Injinia anazitoa zile springi sasa hivi. Na tangi nitalijaza maji, gari lisiruke. Nitaendesha taratibu.

— Mlango nao?

— Utakuwa chini kama mwanzo.

Mama akafikiri.

— Basi nitakwenda, akasema.

Angeweza kuishia hapo. Lakini aibu haikumruhusu kuondoka nayo nzima.

— Siku ile getini, mama. Mbona hukuniita?

— Nilikuona unapiga picha. Mama alisema hivyo kwa upole, akimpapasa mkono. Siku nyingi sijakuona umefurahi namna ile. Nikataka kuurudisha mguu ndani nisikuharibie picha, mwanangu, nikachelewa.

Pampu akainamisha kichwa palepale kitandani, na mama akadhani amechoka, akamwambia alale kidogo.