Verna Tillotson, Aliyeandika Sentensi Nzima

Verna Haugen Tillotson alizaliwa mwaka 1950. Hapana, ilikuwa 1949, tarehe 9 Machi. 1950 ndio mwaka alioandikishwa, maana baba yake hakuona sababu ya haraka. Mto ulikuwa umefunika daraja la hapa Tolliver Bend, Oregon, na daktari alivushwa juu ya trekta la kukokota magogo. Alifika amelowa hadi kiunoni, akamkuta mtoto ameshazaliwa na ananyonya. Verna alikuwa wa pili kati ya watoto watatu wa Nils na Borghild Haugen, watu wa kiwanda cha mbao.

Alisoma hapa hapa mjini na kumaliza sekondari mwaka 1967. Somo lake lilikuwa kupiga taipureta. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kiasi kwamba mwalimu alivifunika kwa taulo, aone kama haangalii herufi. Hakuwa anaangalia.

Jumamosi tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Orrin Tillotson, dereva wa malori ya magogo, katika kanisa la Kilutheri. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na keki ilifika kanisani ndani ya lori, mapajani mwa shangazi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marit na Dale.

Mwaka 1978 Verna aliajiriwa kupokea simu za dharura. Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza, kuuliza, kisha kuandika kwenye kisanduku cha kompyuta maneno ambayo askari wangeyasoma wakiwa njiani. Kisanduku kilikuwa na nafasi ya herufi ishirini. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minane na alisifiwa kwa wepesi wake.

Alhamisi tarehe 17 Oktoba 1996, saa tisa alasiri, Bi. Imogene Pruitt alipiga simu. Mwanawe Leland, mwenye miaka ishirini na mitatu, alikuwa hajalala siku nne na alikuwa akizungumza na watu wasiokuwepo. Mama alitaka mtu wa kumsaidia kumpeleka hospitali. Verna akauliza kama kijana ana silaha. Mama akajibu, "Ana kisu, ila anamenya matufaha. Nimempa kazi ya pai, atulie." Verna akaandika: MWANAMUME ANA KISU. Askari walipofika, Leland alitoka kibarazani kuwapokea, kisu mkononi, ganda la tufaha bado likining'inia. Walimpiga risasi, akafia pale pale.

Uchunguzi ulisema Verna alifuata utaratibu. Orrin alimwambia hivyo hivyo, mara nyingi kuliko ilivyofaa.

"Kisanduku kilikuwa kifupi, Verna. Ungefanyaje?"

"Kisanduku hakina vidole," alisema. "Vidole ni vyangu."

Aliacha kazi Machi 1997. Kwa miaka miwili alipanga vitabu maktaba na hakushika simu. Hata ya nyumbani aliiacha ilie hadi Orrin aje kutoka bandani. Ndipo akasikia kwamba kliniki ya mjini inatafuta watu wa gari jeupe, lile linalokwenda kwa mtu aliyechanganyikiwa au aliyekata tamaa, likiwa na watu wawili, mwuguzi na mzungumzaji, bila bunduki wala pingu. Lilibeba maji, blanketi, mikate na soksi. Alianza Septemba 1999, akiwa na miaka hamsini, pamoja na mwuguzi Tobias Ruelas, ambaye leo ni mmoja wa wabeba jeneza.

Wiki ya kwanza waliitwa kwenye duka la kufulia nguo. Mtu alikuwa amejifungia chooni na mkasi. Verna alikaa sakafuni nje ya mlango.

"Wewe polisi?" mtu akauliza kutoka ndani.

"Mimi mama wa magoti mabovu. Nimeshakaa, kuninyanyua itakuwa shughuli."

"Nani kakuita?"

"Mwenye duka. Anasema una mkasi."

"Nakata kucha."

"Za mkono au za mguu?"

"Za mguu. Viatu vinanibana."

"Basi kata taratibu, sina pa kwenda. Ukimaliza nina soksi mpya. Kijivu au nyeusi?"

Mlango ulifunguka baada ya dakika arobaini. Tobias alisema, "Mama, umekalia sabuni muda wote huo," naye akajibu kwamba ndiyo iliyomgandisha pale asiondoke. Kisha akatoa daftari na kuandika: Ana mkasi. Anakata kucha za mguu. Viatu vinambana. Anataka soksi za kijivu. Tobias alimtania miaka yote kwamba anaandika riwaya. Daftari hizo ni mia moja na nne, ziko juu ya meza pale mlangoni. Mnaweza kuzishika, ila majina yamefichwa.

Lilibaki jambo moja. Alipoacha kazi ya simu, mawakili wa mwajiri wake walimkataza kuonana na Bi. Pruitt. Oktoba 2001 alikwenda nyumbani kwake. Orrin alimpeleka, akabaki ndani ya gari, kioo kikiwa wazi.

"Mimi ndiye niliyepokea simu yako," Verna alisema.

"Najua. Sauti yako nimeishi nayo." Bi. Pruitt hakuachia kitasa. "Nilikwambia anamenya matufaha."

"Uliniambia."

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Nikaandika nusu."

Sakafu ya mlangoni ilianza kulowa. Hatimaye Bi. Pruitt akasema, "Mvua inaingia ndani. Ingia au uende, nifunge mlango." Aliingia. Kila Oktoba tangu hapo walimenya matufaha pamoja, na Orrin aliruhusiwa kuingia mwaka wa tatu.

Verna alistaafu mwaka 2016. Saratani ya kongosho iligunduliwa Aprili 2024. Mwuguzi wa nyumbani alipomwomba ataje namba ya maumivu, moja hadi kumi, alikataa. "Andika: yanauma kama jino, ila tukizungumza yanapungua." Mwuguzi aliandika pembeni mwa fomu. Verna alifariki nyumbani Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano.

Ameacha mume, Orrin, watoto Marit na Dale, wajukuu watano, na mdogo wake Ingrid. Bi. Pruitt, mwenye miaka tisini na mmoja, ameketi na familia kwa matakwa ya marehemu. Pai zilizoko ukumbini ni zake.

Lala, Verna, simu haitalia tena.

Orrin aliwaandikia wakubwa wa simu za dharura barua tatu, 1997, 2003 na mwaka huu, zote zenye swali moja ambalo hakuna aliyemjibu: ni nani aliyekaa mezani akaamua kwamba maneno ya mama kuhusu mwanawe yanatosha kwenye herufi ishirini?