Shule Iliyokaa Mfukoni mwa Mtu Mmoja

Wapendwa, Bwana ni mwema. Mmezoea kunisikia nikicheka mpaka mabati ya kanisa yanatikisika. Leo nina hasira, mnivumilie.

Wengi hapa Makongeni mnajua nilisoma shule ya jioni kule Makadara, mtu mzima na ndevu zake, mchana nikipiga mbao randa sokoni Gikomba. Hedimasta wetu ndiye aliyeshika funguo zote: za lango, za madarasa, mpaka za kabati la chaki. Zilikuwa nyingi hivi kwamba akianza kutembea Makadara, Jogoo Road nzima inazisikia zikilia. Mwalimu mwingine hakuruhusiwa kushika hata mmoja.

Basi, mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, akaenda mazishi kwao magharibi. Na funguo zake! Tukasimama nje ya lango, jioni baada ya jioni. Walimu wanne, watu wenye vyeti, wamesimama nasi kama wateja wa kioski kilichofungwa.

"Mwalimu, si mvunje hiyo kufuli?"

"Tutamwambia nini mkubwa?"

Ndugu zangu, nawaambia, nilichemka! Nikarudi nyumbani, nikasukuma vitabu chini ya kitanda. "Mama watoto, masomo basi." Hesabu haikunishinda. Woga wa walimu ndio ulionishinda.

Wiki iliyofuata mwalimu wa historia akanifuata mpaka Gikomba. "We mzee, vua hiyo aproni. Nimepewa kazi ya kuwatafuta mliopotea."

"Umepewa na nani?"

"Na wenzangu."

Kumbe mwalimu wa kemia, mama mmoja mfupi, alikuwa amewaambia, "Mimi nimechoka kuogopa. Nyinyi je?" Wakakata kufuli, wakagawana kazi, na kila jambo wakaliamua pamoja. Nikavua aproni, nikarudi darasani.

Hedimasta akarudi, akaingia darasani akinguruma. "Nani aliwapa ruhusa?"

"Mimi," akasema mama wa kemia.

"Na mimi," akasema wa hesabu.

Wakasimama wote wanne. Na sisi tukasimama, madawati yakaanguka kama tetemeko. Hedimasta akaona yuko peke yake, akaketi. "Haya. Nipangieni na mimi kipindi."

Nilipita, wapendwa. Nawashukuru walimu wale, na mke wangu aliyevifuta vitabu vumbi bila kunicheka. Lakini kuna wenzangu waliokata tamaa palepale langoni, hawajarudi mpaka leo. Hiyo ndiyo hasira yangu: wanne walimngoja mmoja.

Sasa mnataka niongoze darasa jipya la jioni hapa kanisani, peke yangu. Sikubali! Nipeni watu wa kuamua nami, na wa kunikatalia nikikosea. Mbona mnatazama viatu? Njooni mbele.