Moto wa Mlango wa Tisa

Mkuu wa nyumba, mchungaji, majirani, na ndugu mliopanda mto tangu juzi mkisukuma boti kwenye mawe kwa sababu ya maji haya machache, familia ya mlango wa tisa wa nyumba hii ndefu inawasomea safari ya Renggi anak Ujai, mliyemwita Baba Sendi, tangu alipoingia duniani hadi alipotoka.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Nanga Sepaya, mtoni juu ya mji wa Kapit, akiwa mtoto wa pili wa mzee Ujai na mkewe Bunsu. Cheti kinasema ni tarehe 3 Machi 1947, lakini karani aliyekiandika hakuwahi kuuona mto huu, na mama yake alishikilia hadi kufa kwamba ilikuwa mwezi mmoja kabla, wakati nyumba nzima ilikuwa majini ikiopoa njugu za mti wa engkabang, zile zinazouzwa kwa mafuta yake, na mkunga akafika kalowa mpaka kifuani, kikapu mgongoni, akiuliza kama mtoto hawezi kungoja kidogo.

Mwaka 1956 alipelekwa shule ya misheni, safari ya siku mbili kwa kasia, akalala bweni, na mwaka 1961 akamaliza darasa la sita, akiwa anajua kusoma, kuandika na hesabu, kuimba hakujua, na waliowahi kusimama karibu naye kanisani ni mashahidi kwamba hilo halikubadilika.

Mwaka 1965 alitoka kwenda kutembea nchi za watu, kama kila mwanamume wa mto huu, kwa maana asiyesafiri hapa kwetu huitwa paka wa jikoni, akafanya kazi kwenye visima vya mafuta Brunei, kisha kwenye kambi za magogo, na Septemba 1971 akarudi. Wenzake walirudi na injini za boti, na mitungi mikubwa ya kauri, na mmoja na jino la dhahabu, yeye alirudi na miche arobaini na mitatu ya engkabang ndani ya kikapu cha mpunga, ameifunika majani mabichi na kuinywesha maji njia nzima kama mtoto mgonjwa. Ukumbi wote ulicheka. Gerijih wa mlango wa kumi na moja, ambaye yupo hapa leo na hatakana, alimwuliza, "Bwana wee, huku msituni kuni zimetuishia mpaka ukazifuate mjini?" na marehemu akamjibu, "Cheka tu, meno yako yatang'oka kabla hii haijazaa." Meno ya Gerijih yaling'oka kweli, lakini hilo si la leo.

Miche hiyo aliipanda kwenye shamba la zamani la baba yake, kando ya kijito, mti ambao hukaa miaka kumi na tano na zaidi kabla haujakuonyesha ua, na baada ya hapo huzaa unapotaka wenyewe, mara moja kwa miaka minne au mitano.

Tarehe 12 Juni 1973 alimwoa Lamit anak Unggat, binti wa mto wa jirani, mwanamke mwenye mikono myepesi kazini na ulimi usiobebeka, wakahamia Miri, ambako marehemu aliendesha winchi ya magogo, na huko wakazaliwa Sendi mwaka 1974, Nyanggau mwaka 1977 na Limah mwaka 1981.

Sasa, kila mtu hapa anaijua sheria ya nyumba ndefu, kwamba jiko la kila mlango, yaani la kila familia, lazima liwake mwezi unapoandama na mwezi unapokuwa mpevu, lisipowaka ni faini ya kuku, na likikaa bila moto miezi mitatu, mlango huo umehama, na aliyehama huacha ardhi pamoja na alichopanda. Kwa miaka kumi na minne moto wa mlango wa tisa uliwashwa na dada yake Mengan, mjane wa mlango wa nane, kwa mvua na kwa homa, na shukrani yake ilikuwa kopo la biskuti kila Krismasi, makopo yapo, yanatunzia misumari.

Sikukuu ya mavuno ya Juni 1987 marehemu alikuja likizo na jiko la gesi. Akang'oa mafiga ya mama yake, udongo wa jiko akaumwaga chini ya sakafu kwa nguruwe, akaweka kitu chake kinachong'aa. Mengan akamwuliza, "Umefanya nini, wewe?" naye akasema, "Dada, sasa utawasha kwa kidole kimoja, macho yako yapumzike na moshi." Alikuwa na nia njema, na nia njema imeshabomoa nyumba nyingi.

Mengan aliwasha gesi kama alivyoagizwa, miezi mitatu, na Septemba Gerijih akasimama ukumbini akasema mlango wa tisa hauna moto.

"Nimewasha kwa mkono huu!" Mengan alisema.

"Nani aliuona moshi, Dada Mengan? Wewe umewasha taa ya buluu."

Shauri lilichukua siku mbili, na wazee wakaamua kwamba moto ni ule ambao moshi wake hupenya paani, jirani akajua u hai, na chumba kisicho na mafiga ni chumba kisicho na watu. Mwaka huo ndio miti ilikuwa imetoa maua kwa mara ya kwanza, na kila mtu alikuwa ameyaona, Gerijih kuliko wote. Marehemu akapewa hadi mwezi utakapoandama tena, arudi akae, ama miti iwe ya nyumba nzima.

Huko Miri alikuwa amebakiza mwaka mmoja awe msimamizi. Lamit alimwuliza, "Ulinioa mimi au uliioa miti?" naye akajibu, "Niliwaoa wote, ila miti hainigombezi," jibu lililomlaza kwenye mkeka wa watoto wiki nzima. Hata hivyo tarehe 19 Oktoba 1987, siku tatu kabla ya mwezi, boti ilitia nanga hapo chini ikiwa na mke aliyenuna, watoto watatu na vyombo vyote, marehemu akachota udongo ukingoni kwa mikono yake, akajenga jiko, akapanga mafiga, akawasha, na hakuhama tena. Jiko la gesi liko chini ya sakafu hadi leo, kuku hutagia humo.

Januari 1988 miti ilizaa, boti zikateremka Kapit mara nne zimejaa, na ni njugu hizo zilizowasomesha watoto wote watatu. Zilizoangukia mtoni alisema ni za kila mtu, na wavu wa kwanza kutegwa ulikuwa wa Gerijih.

Lamit alitangulia mwaka 2011. Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2016, akatibiwa Kapit na Sibu, Februari 2018 akakatwa mguu wa kushoto, na wanawe walipomsihi abaki mjini aliwauliza tu mwezi mpevu ni lini. Alifariki tarehe 15 Juni 2019, kwenye mkeka wake, karibu na jiko lake, akiacha watoto watatu, wajukuu saba na miti thelathini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenye boti waliombeba bila kulalamika, wenzake wa kambini waliotoka mbali, na majirani waliochonga jeneza, Gerijih akiwemo.

Kwa siku mbili watoto wamebishana nani atabaki, kwa kuwa magoti ya Mengan yamekwisha, na Nyanggau alipendekeza aajiriwe mtu, akaambiwa na shangazi yake kwamba moto hauajiriwi. Leo mwezi ni mpevu. Alfajiri Sendi, ambaye hajawahi kuwasha kuni tangu aende kazini Miri, alimkabidhi mdogo wake barua ya kuacha kazi aipeleke, akaingia mlango wa tisa, akachagua kuni mbichi kuliko zote, akapuliza, na moshi ukajaa ukumbi kutoka mlango wa kwanza hadi wa ishirini na mbili. Mchungaji alikohoa. Gerijih, aliyekuwa anapiga randa ubao wa jeneza, alikohoa mpaka akakaa chini, na familia inaomba hilo likumbukwe, kwamba alikohoa.

Renggi anak Ujai, moto umeonekana. Pumzika kwa amani.