Docta Anauliza Kama Syauswa Yuko Muzima

Ubao wa mkaratusi juu ya matairi mawili ya lori, pale Bulengera, pembeni ya banda la kwado anayeziba matairi: huo ndio kijiwe. Ukungu ukishuka Butembo mama Agar huleta birika la kahawa, na wenye ubao hukaa wakiipangia mambo dunia ambayo haijawahi kuwaomba ushauri. Wenye kiti chao ni watatu. Ananie wanamwita Journal, maana habari humfikia kabla hazijatokea. Benoît, mwalimu aliyetumwa kutoka Kisangani miaka kumi iliyopita, wanamwita Préfet, ingawa hajawahi kuongoza shule yoyote na methali zake hupotea njia kila siku. Wa tatu ni Kataliko, kwado mwenyewe. Alasiri hii alikuwepo pia Syauswa, motard wa kubeba abiria, aliyeanguka na pikipiki yake mteremkoni zaidi ya mwezi mmoja uliopita. Kikombe alikishika kwa mkono wa kulia, kwa maana ule wa kushoto, tangu juzi, ulikuwa unaachilia vitu bila kumwomba ruhusa. Hilo hakumwambia mtu.

Simu yake ililia. Akaitazama, akaizima sauti, akairudisha mfukoni.

— Ni nani? Journal akauliza.

— Ule docta mwanamuke wa urgences, kule hospitali. Docta Kavuo.

— Ule anafundishaka batoto ba université?

— Njo yeye. Ule alikuyaka pa parking ya bamotard kutufundisha kufunga damu. Niko mu recherche yake, utafiti ya batu banaangukaka na pikipiki. Anaita na simu siku ya saba toka nilitoka hospitali, siku ya kumi na ine, na siku ya makumi tatu. Leo njo makumi tatu.

— Na anaulizaka nini?

— Kama niko muzima.

Journal akashusha kikombe. Hata Kataliko aliacha kupiga pompi.

— Alikuachilia urudi kwenu, Préfet akasema polepole, na bado anauliza kama uko muzima? Donc yeye mwenyewe haiko na hakika. Likambo iko mule, kuko neno.

— Ulisainaka karatasi? Journal akauliza.

— Eeh. Alinisomea yote, mustari kwa mustari.

— Jina yako iko mule?

— Hapana. Kuko namba. Kumi na saba.

— Munaona! Journal akapiga goti lake. Mutu ya jina anaponaka. Mutu ya namba, banamufunga mu saki ya kuzikia. Tuliona hapa wakati ya Ebola.

Neno hilo kwenye mtaa huu halitajwi kwa meno nje. Kila mmoja ubaoni alizika mtu miaka ile, au alizikiwa mtu wake na wageni, yeye akiangalia kwa mbali.

— Kuko mutu moja ya Kamango, Journal akaendelea, aliangukaka vile vile. Baliita mara ya kwanza, akajibu. Mara ya pili, akajibu. Kujibu tu mara ya tatu, juma ile ile akakufa.

— Jina yake nani?

— Mutu ya Kamango.

— Sasa musikilize mutu mwenye alisoma, Préfet akasema. Haba na haba hujaza kibaba! Simu moja, simu mbili, ya tatu kibaba imejaa, na ni weye uko ndani. Mu université, munganga hapana kupanda grade kama hajaandika kitabu. Na kitabu ya urgences banaandika na nini? Na batu benye kufa! Anangojea hesabu itimie. Akikusikia unaongea anakasirika: aa, kumi na saba angali muzima!

— Mais siku ya saba alifurahi, Syauswa akasema. Nilimusikia.

— Furaha ya munganga! Kikulacho kiko nguoni mwako, ndeko, ndugu yangu. Na nguo ya munganga ni nyeupe.

Kataliko alifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa amesubiri zamu yake.

— Nyinyi bote hamujue kitu. Mi naziba bintu toka niko mutoto. Syauswa, kichwa balishona mara ngapi?

— Saba.

— Uzi rangi gani?

— Nyeusi.

— Ukiisha kuziba tairi, mutu wa inje atajua nini iko ndani? Balikuachia kamashini mule, kadogo, ka kukamata réseau ya simu. Njo maana docta anakupata hata mu ukungu, na sisi bengine tunapanda mulima juu ya kupiga simu. Kale kamashini kakitafuta réseau mangaribi, kichwa inauma. Wee, kichwa yako inakuumaka mangaribi?

— Hapana, Syauswa akajibu haraka.

Alidanganya. Kilikuwa kinamuuma kila jioni tangu juma lililopita, kama mtu aliye ndani anasukuma mlango kwa bega. Aliogopa atakachoambiwa na docta. Aliogopa pia kwamba Kataliko, ambaye hata vifungo vya shati lake hupishana, leo alikuwa amegonga penyewe.

— Na mbona anaita saa kumi kamili? Journal akauliza. Saa ya kahawa! Nani alimuambia kama tuko hapa?

Syauswa alikumbuka vizuri kwamba ni yeye aliyemwomba docta aite saa kumi, kwa kuwa saa hiyo huwa ameketi. Akameza kahawa badala ya kusema.

— Usijibu, Préfet akakata shauri. Akiita tena, kata. Ule docta anakujua wapi? Sisi njo tunakujua, tuko na weye hapa kila siku. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki!

Mwisho wa ubao alikuwa amekaa mama mmoja, Godelive, mchuuzi wa kakao kutoka Beni. Pikipiki iliyomleta ilipasuka tairi, na Kataliko alikuwa bado hajaiziba kwa sababu ya maneno. Alikuwa anasikiliza tu, na kahawa yake imeshapoa.

— Mutaniwia razi, bapapa. Mi ni mugeni. Nilitaka tu kuuliza: huyu kijana alilala mu hospitali siku ngapi?

— Tatu, Journal akasema.

— Juma moja, Préfet akasema. Si vile?

Kataliko aliangalia pompi yake. Ilikuwa mara ya kwanza mtaani habari kumkosa Journal. Wote watatu wakamgeukia Syauswa awasaidie.

— Kenda, Syauswa akasema. Siku kenda.

Siku kenda, na kila saa kumi alikuwa anaangalia mlango wa chumba. Mama yake alileta chakula. Docta Kavuo alikuja na wanafunzi wake, akakaa kando ya kitanda, akauliza alianguka wapi, saa ngapi, nani alimwinua barabarani. Wa ubao hakuja hata mmoja. Sababu aliijua: pale getini wanakuelekezea kipimo cha joto kwenye paji la uso, na tangu miaka ile watu wa mtaa huu wakifika hapo huvuka upande wa pili. Hakuwahi kuwalaumu, lakini ilimuuma, na iliendelea kumuuma hata baada ya kushonwa.

— Balikuwa banapima batu joto pa mulango, Préfet akasema, na sauti yake haikuwa ya kufundisha tena.

— Najua, Syauswa akasema.

Simu ikalia. Ilikuwa mfuko wa kushoto, akaisahau hali ya mkono ule, akaupeleka. Vidole vilifika, vikaigusa, vikaiinua kidogo, na simu ikaanguka matopeni kando ya beseni la kwado. Wote waliona. Kataliko aliiokota, akaifuta kwa shati lake, akabonyeza mwenyewe, akamwekea Syauswa sikioni.

— Docta. Eeh, niko muzima. Akautazama mkono wake wa kushoto. Hapana, docta, nadanganya. Kichwa inaniuma kila mangaribi, sasa juma moja. Na mukono ya kushoto inaachilia bintu.

Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaiondoa simu sikioni.

— Anasema nikuye sasa hivi, nisingojee kesho. Labda damu inakusanyika polepole mu kichwa. Anasema bado banaweza kuitoa mule. Anauliza kuko nani wa kunileta.

Mama Agar aliinamisha birika juu ya kikombe cha Journal. Hakikutoka kitu.

— Mama, Kataliko akamwambia Godelive, gurudumu yako itangojea kidogo.

— Ingojee. Mupeleke.

Kataliko akatoa pikipiki yake nyuma ya banda. Journal akasema atapita kwa mama yake Syauswa kumwambia, na akaondoka mbio, mara hii na habari ya kweli. Préfet alifunga koti lake mpaka shingoni, akapanda nyuma ya Syauswa, akamkumbatia kwa nguvu asiegemee upande. Pikipiki iliwaka. Ndipo akainamia sikio lake.

— Ndeko, pa urgences banaingiliaka mulango gani?

Kataliko naye hakujua. Ilibidi Syauswa awaonyeshe njia.