Mapazia ya Kufungia Mgongoni

Benchi la kona ile lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia nao ni hivyo hivyo, kila mmoja ana kitu kimempungukia. Kushoto hukaa Afande, mlinzi mstaafu wa ghala la saruji, ambaye hakuwahi kumkamata mwizi hata mmoja ila anasema aliwajua wote kwa sura. Katikati hukaa Redio, muuza nyama, na jina hilo alipewa kwa sababu hazimiki. Kulia ni Kiraka, fundi viatu, na sanduku lake la misumari na gundi. Mbele yao huketi Bibi Kahawa na birika lake juu ya makaa, na ukipewa kuchagua kati ya ulimi wake na hayo makaa, kalia makaa. Siku hiyo pale kijiweni palikuwa na mgeni: robota la mitumba, kubwa kama ndama, limefumuliwa tumbo, na ndani yake hamkuwa na mapazia.

Tusimsingizie aliyemuuzia Kiraka. Kiraka mwenyewe ndiye aliyechungulia kwenye tundu la robota, akaona lasi nyeupe, na mwanaume akiona lasi anachojua ni dirisha. Akaweka rehani cherehani ya mkewe kwa mwenye mitumba. Mke ni fundi nguo, ile mashine ndiyo mkono wake wa kulia, na mwenyewe alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, arudi jioni hiyo. Hana habari. Kiraka alipanga auze mapazia, aikomboe mashine, airudishe pembeni ya kitanda, aifute vumbi, na mke aikute kama alivyoiacha. Ila jua likizama bila kuikomboa, mashine ni ya mwenye mitumba. Sasa mapazia yalikuwa na kulabu za kufungia mgongoni.

— Hebu inua tena hilo, alisema Redio.

Kiraka aliinua kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya mkia. Kilikuwa kama kizibao, kigumu, kina vyuma vyembamba vilivyoshonewa ndani kuanzia kwapani hadi kiunoni, na nyuma kina kamba za kukaza kama za buti.

— Hicho cha kuzuia risasi, alisema Afande. Mimi nimekaa kwenye ulinzi, nakijua.

— Risasi ya kiunoni?

— Adui hachagui, bwana.

— Wewe ulilinda saruji, adui wako alikuwa mvua, alisema Redio. Sikilizeni niwaambie. Hicho ni cha kubania chakula. Zamani huko wanaume walikuwa wajanja. Mke anakazwa kiuno, tumbo linakuwa kama la nyigu, anakula vijiko viwili ameshiba. Ndiyo maana wahenga wakasema haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kitajaa vipi na kimebanwa? aliuliza Bibi Kahawa.

— Na sauti je? Redio hakusikia, yeye akishawaka hurusha tu, hapokei. Ukibanwa huku chini, pumzi yote inapanda juu. Zile nyimbo za wanawake wanaopiga mayowe hadi glasi zinapasuka, unadhani ni ufundi? Ni kiuno. Walikuwa wanaomba wafunguliwe!

— Jamani, alisema Kiraka, jua hilo linapanda. Mke wangu...

— Tulia, fundi. Huwezi kuuza usichokijua. Toa kingine.

Kiraka alichomoa pete tatu za waya, kubwa, ndogo na ndogo zaidi, zilizounganishwa kwa utepe. Zikajifungua zenyewe na kusimama katikati ya njia.

— Tenga la kuku! alisema Afande.

— Tenga gani lina utepe wa waridi?

— Basi la kuvaliwa. Chini ya sketi. Afande alilizunguka akilikagua. Haa! Hili ni hatari. Mwanamke akipita getini na hili, anatoka na mifuko mitatu ya saruji na wewe unampigia saluti.

— Kumbe ndivyo ilivyokuwa inapungua pale kwenu?

— Nimesema ilikuwa inapungua mimi?

Hapo msichana mmoja akatokea upande wa kinyozi, ana kikapu, anatazama tenga lile kwa hamu kabisa. Kiraka aliruka. Alilikunja tenga, likagoma, akalikalia, akavuta gunia akafunika robota lote, kisha akaanza kupigilia msumari kwenye kiatu ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Msichana akasita, akapita. Kiraka akafunua.

— Huyo ni wa ngapi leo? aliuliza Bibi Kahawa.

— Wa ngapi nini, bibi?

— Unayemfukuza. Tangu asubuhi kila akipita mwanamke unafunika. Akipita mwanaume unafunua. Unamuuzia nani sidiria wewe, kinyozi?

— Bibi, ni aibu.

— Aibu uliiacha kwa mwenye mitumba pamoja na cherehani ya mwenzio. Hii uliyonayo ni woga tu.

Afande akacheka mpaka kahawa ikampalia. Redio yeye alikuwa ameshatumbukiza mkono kwenye robota, akatoka na sidiria yenye ncha mbili kali, imeshonwa mizunguko mizunguko kama konokono. Aliielekeza juu, akafumba jicho moja.

— Hizi ni za wakati wa roketi, alisema. Watu walikuwa wanahangaika kufika mwezini, kila kitu kikawekwa ncha. Magari ncha. Viatu ncha. Na hizi. Walipofika mwezini wakakuta mawe, hamu ikaisha, mambo yakawa bapa.

— Hiyo mimi niliivaa, alisema Bibi Kahawa.

Wanaume wote watatu wakatazama chini.

— Mnatazama nini chini, mlizaliwa na mti? Niliivaa, na ukipita nayo mlango mwembamba unapita upande. Na gagulo, ile sketi ya ndani, nilivaa. Nalipiga wanga wa muhogo, naanika, likikauka linasimama lenyewe nyuma ya mlango. Marehemu mume wangu akirudi amelewa alikuwa analipa shikamoo.

— Sasa si ndiyo hoja yangu! Redio alisimama, na benchi likainuka na tofali likaanguka. Angalieni mserereko. Bibi kavaa gagulo la mita nane. Binti yake kavaa la mita mbili. Mjukuu kavaa kipande cha kiganja. Siku hizi ni kamba. Kamba tupu! Baada ya kamba kitukuu atavaa nini?

Afande alifikiri.

— Imani, alisema.

— Imani! Umeona! Na kitambaa chote kile kimekwenda wapi? Mita nane mara wanawake wote wa dunia. Kuna mtu amekikalia. Kipo kwenye maghala kinasubiri bei.

— Ghala letu hakikuwemo, alisema Afande haraka.

— Tena watu wamepungua kuzaa. Kwa nini? Wahenga hawakuficha: mficha uchi hazai.

— Nimeuficha, alisema Bibi Kahawa, na nimezaa saba. Kunywa kahawa yako.

— Lakini bibi, wahenga...

— Wahenga walisema kuhusu ugonjwa, Redio, mtu aseme anapoumwa. Hawakusema kuhusu kaptula yangu.

Kiraka hakuwa anasikia. Jua lilishavuka paa la duka la rangi, na yeye alikuwa anahesabu moyoni maneno atakayosema. Mashine imeharibika nimeipeleka kwa fundi. Mashine imeazimwa na jirani. Mashine imeibwa. Hilo la tatu lilimfurahisha kidogo, kisha akakumbuka kuwa Afande, aliyekaa pale pale, anasema anawajua wezi wote kwa sura.

— Semeni nifanyeje, alisema, na sauti ilikuwa nyembamba kama ya wale wanawake wa kubanwa kiuno.

— Kata matambara ya kung'arishia viatu, alisema Afande.

— Fungia nyama, alisema Redio. Hapana, subiri. Chujia kahawa! Vikombe viwili kwa mpigo!

— Jaribu kuileta karibu na birika langu, alisema Bibi Kahawa, nikuchuje wewe.

Mwanamke mmoja alikuwa anakuja kwa mbali, mkoba begani, mwendo wa haraka. Kiraka, kwa mazoea, akatupa gunia juu ya robota na kulikalia. Ndipo akamtambua. Alijaribu kusimama, ikashindikana, akabaki amekaa kama kuku anayeatamia.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Umewahi.

— Mtoto mzuri, dada mzima, nikaona nirudi mapema. Mwanamke akamgeukia mumewe. Baba, umekalia nini?

— Mapazia, alisema Kiraka.

— Inuka.

Akainuka. Mwanamke akavuta gunia. Redio akaanza kuchunguza kucha zake, Afande akasimama kama yuko zamu. Mwanamke aliinua kile kizibao cha vyuma, akakigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. Akainua gagulo, akalinyoosha, akalitazama kwenye mwanga. Akachukua sidiria, moja, mbili, kumi, akizivuta mikanda. Kiraka alijikinga uso kwa kiatu.

— Nani amekununulia hizi?

— Mimi... mimi mwenyewe.

— Wewe? Mwanamke alikaa chini pale pale vumbini, gagulo mapajani. Pamba ya hivi haipatikani tena! Hapa natoa magauni manne ya watoto. Hizi nazitoa ncha, naweka mkanda mpana, wanawake wanaonyonyesha kila siku wananiulizia na sina. Na lasi hii, bibi, tazama lasi! Akamtazama mumewe kama mtu aliyekuta sarafu kwenye koti kuukuu. Miaka yote hii nawaambia watu nimeolewa na gogo. Kumbe gogo lina akili. Mume wangu, umenisikia? Mbele za watu nasema: umenifaa.

Kiraka alikuwa hajaambiwa hivyo tangu siku ya harusi, na siku hiyo aliyesema alikuwa shangazi. Midomo yake ikatabasamu, macho yake yakakataa.

— Shemeji, alisema Redio kwa upole, sisi tulimwambia mapema kuwa mali hii...

— Ninyi nyamazeni. Mwanamke alishakunja mikono. Kuna wasichana wawili wamenifuata tangu kule kwa kinyozi, wanataka kupunguziwa nguo zao leo leo. Naanza hapa hapa, kivulini. Baba, kimbia nyumbani kaniletee cherehani.

Kiraka alitazama kiatu. Afande alitazama paa la duka la rangi. Redio alitazama kikombe chake kitupu.

— Mbona mmekaa kama picha? Cherehani iko wapi?

Redio alimsogezea Bibi Kahawa kikombe.

— Bibi, nimiminie kidogo tu, nipate cha kushika.

Birika lilikuwa bado zito, mvuke unatoka. Bibi Kahawa akaliondoa kwenye makaa, akalifunika, akaliweka nyuma ya miguu yake, kisha akakunja mikono na kumtazama Kiraka.

— Kahawa imekwisha, alisema. Jibu, mwanangu.